Upinzani dhidi ya utambuzi wa lazima wa mifugo (Mkolani na Usukuma)

Upinzani dhidi ya utambuzi wa lazima wa mifugo ni msimamo wa wafugaji wanaokataa, wanaokwepa au wanaotaka zibadilishwe amri za serikali za kupiga chapa, kuvisha hereni na kusajili ng'ombe, punda, mbuzi na kondoo. Tanzania imeushuhudia wazi mara mbili katika karne hii: wakati wa chapa ya moto ya 2017, na wakati wa hereni za kielektroniki za 2021 na 2022. Katika Usukuma, eneo la Wasukuma, ambako Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana pembezoni mwa Jiji la Mwanza, mizizi yake inafika enzi ya Waingereza.

Amri hizo zinatokana na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010. Kila mnyama awe na alama, mwenye mali aandikwe, na safari za mnyama zijulikane kuanzia zizini hadi machinjioni. Sababu zinazotolewa ni za kweli. Homa ya mapafu ya ng'ombe na ugonjwa wa miguu na midomo husafiri na mifugo inayopelekwa mnadani, na daktari asiyejua ng'ombe mgonjwa alitoka wapi hawezi kuuzuia ugonjwa huko ulikoanzia. Soko la nje nalo linadai hivyo hivyo. Botswana, inayouza nyama Ulaya, ilifikia hatua ya kuwawekea ng'ombe wake vidonge vya kielektroniki tumboni. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, lakini inauza nje sehemu ndogo tu ya nyama yake, na mfugaji wa Misungwi au Kwimba, humo humo Usukuma, bado hajaona faida ya soko hilo mfukoni mwake.

Kwa kawaida wafugaji hawapingi alama yenyewe. Kukata sikio kwa namna ya ukoo na kuchoma chapa ni desturi za kale kwa jamii nyingi za wafugaji, na Wasukuma walikuwa miongoni mwa walioanzisha vikundi vya sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Mtu aliyewahi kukesha akifuata nyayo za kundi lililoibwa hahitaji kuelezwa umuhimu wa kumtambua ng'ombe wake. Kinachopingwa hasa ni hesabu iliyo mikononi mwa mtu mwingine, maana Usukuma umeonja matokeo ya hesabu hiyo.

Kuanzia 1947 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na kitovu cha shirikisho la machifu wa Usukuma kikawa Malya. Wataalamu waliona kwamba ardhi imechoka na ng'ombe wamezidi malisho, zikatungwa kanuni za kulazimisha watu kupunguza mifugo. Ili kupunguza ilibidi kwanza kuhesabu. Ng'ombe wa mahari, wa dhiki ya njaa na wa kurithisha wote wakawa tarakimu daftarini, kisha agizo la kuuza. Chuki iliyozaliwa hapo ilikipa chama cha TANU nguvu kubwa katika Jimbo la Ziwa, ambako Waingereza walikipiga marufuku kuanzia 1954 hadi 1958. Kanuni hizo zilishindwa kabla ya uhuru.

Kumbukumbu hiyo haikupata nafasi ya kufifia. Wasukuma waliohamia Usangu kutafuta malisho walikuwa miongoni mwa walioondolewa katika bonde la Ihefu, huko huko Usangu, kuanzia 2006. Katika operesheni za namna hiyo mifugo huhesabiwa kwa ajili ya faini na amri ya kuhama. Ndugu zao waliobaki Mwanza walizisikia habari hizo, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, huwezi kuuelewa ukaidi wa mfugaji wa Usukuma bila kuanzia hapo.

Mwaka 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza ng'ombe wote nchini wapigwe chapa kabla ya mwaka kwisha. Kazi ilifanyika kwa haraka, chini ya Waziri wa Mifugo na Uvuvi Luhaga Mpina, na wakati huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 waliotoka Kenya walikamatwa na kupigwa mnada. Funzo lilieleweka pande zote mbili za mpaka: asiye na alama anaweza kupoteza kundi. Chapa nayo ilikuwa na hasara yake. Chuma kikitolewa kwenye makaa kikiwa chekundu na kugandamizwa kwa pupa, kovu hubaki kwenye ngozi maisha yote. Likikaa ubavuni au juu ya kalio, ngozi hiyo hushuka daraja kwa mnunuzi.

Hereni zilikuja kama dawa ya kasoro hiyo. Kila hereni ilibeba namba ya mnyama iliyounganishwa na kumbukumbu za mwenye mali. Bei ilikuwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe au punda na 1,000 kwa mbuzi au kondoo, ikilipwa na mfugaji. Mwenye ng'ombe 100 alitakiwa kutoa 175,000 kwa kitu ambacho hakukiomba, na ambacho ng'ombe anayechungwa vichakani anaweza kukinasisha kwenye mwiba akakipoteza pamoja na kipande cha sikio. Malalamiko yalifika bungeni, na mwishoni mwa 2022 serikali ikasitisha zoezi.

Mkolani ina shida yake ya pekee. Ni mjini, karibu na Buhongwa, na hapa ng'ombe wengi hukaa bandani nyuma ya nyumba wakiletewa majani. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zinamruhusu mtu kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, bila kuwachunga. Kwa aliyezidisha, kusajili mifugo ni kujiandikia mashtaka. Hili halisemwi sana katika mjadala wa kitaifa, unaomfikiria mfugaji kuwa mtu wa porini tu.

Upinzani wa namna hii si wa Tanzania peke yake. Marekani iliachana na mpango wake wa kitaifa wa utambuzi wa mifugo Februari 2010, baada ya wakulima wadogo, pamoja na Waamish waliotoa sababu za dini, kuukataa kwa miaka. Kenya nayo, ingawa huko suala lilikuwa chanjo na si utambuzi, iliahirisha chanjo ya taifa ya mifugo iliyopangwa kuanza Januari 2025 kwa sababu wafugaji hawakuiamini.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi. Safari hii hereni ni bure, na chanjo ya ng'ombe ni shilingi 500 baada ya ruzuku. Huo ni ushindi wa wafugaji, ingawa hauitwi hivyo: waliyoyadai 2022 kuhusu gharama yamekubaliwa. Dai la pili, la kujua hesabu hiyo itatumikaje, bado. Halmashauri, kuanzia Jiji la Mwanza lenyewe, ziwaandikie wafugaji waziwazi ni nani anayeruhusiwa kusoma daftari la usajili, na zitamke kwamba halitatumika kutoza kodi wala kumhamisha mtu.