Peleti za sungura

Peleti za sungura ni chakula kikavu cha sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) kinachotengenezwa kiwandani kwa kusaga nyasi kavu, lusini, pumba, mashudu, madini na vitamini, kisha kuukandamiza unga huo kwa mashine mpaka uwe vijiti vifupi vigumu. Aina nyingine hupikwa kwa mvuke na shinikizo kabla ya kukatwa, nazo huwa nyepesi na zenye vitundu vidogo ndani. Kwa kuwa kila kijiti kina mchanganyiko uleule, sungura hawezi kuchagua anachokipenda na kukiacha kingine.

Sungura anayefugwa nyumbani kama mnyama kipenzi anapaswa kuishi hasa kwa nyasi, mbichi au kavu. Peleti kwake ni nyongeza. Madhara yanayotokana na peleti huanza mara nyingi kwa njia mbili: kupewa nyingi mno, au kuhamishwa ghafla kutoka aina moja hadi nyingine.

Asili

Peleti zilienea katika karne ya 20 pamoja na ufugaji wa sungura kwa ajili ya nyama, manyoya na maabara. Mfugaji wa nyama anataka mnyama akue upesi, na kwa kawaida humchinja akiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Chakula chake kwa hiyo huwa na protini na nishati nyingi. Sungura wa nyumbani huweza kuishi miaka 8 hadi 12, na chakula kilekile kikijazwa bakulini kila siku humnenepesha kupita kiasi. Chama cha House Rabbit Society, kilichoanzishwa California, Marekani, mwaka 1988, ni kimoja kati ya vyama vilivyoeneza ushauri wa kumwachia sungura nyasi kavu bila kikomo na kumpimia peleti.

Nchini Uingereza chakula kilichouzwa sana kwa sungura wa nyumbani hakikuwa peleti bali muesli, yaani mchanganyiko wa mahindi yaliyobonyezwa, mbaazi, vipande vya rangi na peleti chache. Sungura alikula vitamu na kuacha peleti, ambamo ndimo madini yalimokuwa. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifugo Mwingereza Frances Harcourt-Brown alihusisha tabia hiyo na ukosefu wa kalisi na vitamini D, na kwa njia hiyo na maradhi ya meno na mataya.

Suala hilo lilipimwa baadaye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Sungura 32 waligawanywa katika makundi manne na kufuatiliwa kwa miezi 17: nyasi kavu pekee, peleti na nyasi, muesli na nyasi, na muesli pekee. Waliokula muesli walinenepa zaidi. Wale waliopewa muesli pamoja na nyasi walikula nyasi kidogo kuliko wenzao wa peleti, ingawa nyasi zilikuwa mbele yao muda wote. Mabadiliko ya meno yalionekana hasa katika kundi la muesli pekee. Matokeo yalichapishwa kati ya miaka 2012 na 2015, na tangu hapo ni vigumu kupata daktari wa sungura anayetetea muesli.

Mwili wa sungura na chakula chake

Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hurefuka takriban milimita 2 kwa wiki. Hupunguzwa kwa kusagana wakati wa kutafuna, na magego husagika vizuri taya linapokwenda upande kwa upande, kama mtu anayesaga nafaka kwa jiwe. Nyasi ndefu hulazimisha mwendo huo kwa saa nyingi. Peleti huvunjika kwa kubanwa mara chache na kumezwa, hata kama imetengenezwa kwa nyasi bora kabisa, kwa sababu nyasi hiyo imekwisha kusagwa.

Sehemu ya pili ya maelezo imo tumboni. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa uitwao sekamu, unaobeba karibu theluthi moja hadi nusu ya vyote vilivyomo katika njia ya chakula. Humo bakteria huchachusha sehemu laini za majani. Nyuzinyuzi ndefu hazichachushwi; hupita moja kwa moja na kutoka kama mavi makavu ya mviringo, lakini ndizo zinazousukuma utumbo ufanye kazi. Kile kilichochachushwa hutoka kama kinyesi laini chenye ute, na sungura hukila palepale kinapotoka ili kupata vitamini na protini zake. Si uchafu wala ugonjwa.

Bakteria wa sekamu hukaa kwa uwiano unaolingana na chakula cha kila siku. Wanga ukiingia kwa wingi ghafla, bakteria wabaya kama Clostridium spiroforme huweza kuongezeka na kutoa sumu. Nyuzinyuzi zikipungua, utumbo hupunguza mwendo na unaweza kusimama kabisa. Zaidi ya hayo sungura hawezi kutapika. Kwa sababu hizi kubadilisha mfuko wa chakula, jambo ambalo kwa mbwa huleta kuhara kwa siku moja tu, kwa sungura linaweza kuwa la kufa na kupona. Walio hatarini zaidi ni wadogo wa wiki 4 hadi 8, wakati wanapoacha kunyonya na tumbo lao bado halijakomaa.

Kuchagua

Lebo ya mfuko ina maana kuliko picha iliyo mbele yake. Cha kwanza cha kutazama ni nyuzinyuzi ghafi: kwa sungura mzima zisipungue asilimia 18, na 20 hadi 25 ni bora. Protini ya asilimia 12 hadi 14 inamtosha sungura mzima asiyezaa. Mwenye mimba, anayenyonyesha na anayekua wanahitaji 16 hadi 18. Mafuta yasizidi asilimia 4 hivi, na kalisi iwe kati ya asilimia 0.5 na 1.

Kalisi inahitaji maelezo. Wanyama wengi hufyonza kutoka utumboni kiasi wanachohitaji tu. Sungura hufyonza karibu yote anayokula na kutoa ziada kwa mkojo, ndiyo sababu mkojo wake huwa mzito na mweupe kama maji ya chokaa. Ziada ikiwa kubwa kwa muda mrefu, na hasa kama mnyama hanywi maji ya kutosha, inaweza kujikusanya kibofuni kama tope au mawe. Lusini ina kalisi na protini nyingi kuliko nyasi za kawaida. Peleti zenye msingi wa lusini kwa hiyo zinawafaa wadogo, wakati peleti zenye msingi wa nyasi zinawafaa wazima. Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito katika nchi nyingi, hivyo kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi. Kikiwa mahindi au ngano, mfuko huo haumfai sungura wa nyumbani.

Mbegu za alizeti, asali, matunda makavu na vipande vya rangi ni mapambo ya kumvutia mnunuzi. Chakula cha kuku si mbadala, hata kikiwa na umbo la peleti. Hakina nyuzinyuzi za kutosha, na baadhi yake hutiwa dawa za kuzuia koksidiosi. Mojawapo, narasini, inaweza kumuua sungura.

Kiasi kinachopendekezwa mara nyingi kwa sungura mzima ni gramu 20 hadi 25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mnyama wa kilo 2 basi hupata gramu 40 hadi 50, na hiyo ni konzi ndogo ambayo wafugaji wengi huiona ni uchoyo. Ni afadhali kupima kwa mizani angalau mara ya kwanza, kwani kikombe kimoja cha peleti zilizokandamizwa ni kizito kuliko kikombe hichohicho cha zile zilizopikwa kwa mvuke.

Kubadilisha

Sababu za kubadilisha ni nyingi: sungura amefikisha miezi 6 au 7 na kuacha chakula cha wadogo, amenenepa, mkojo umekuwa na tope, au duka limeacha kuleta aina iliyozoeleka. Kwa vyovyote badiliko lichukue wiki mbili, na wiki tatu kwa mnyama mzee au aliyewahi kuugua tumbo.

Njia ya kawaida ni kuweka robo moja ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani kwa siku tatu au nne, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, na mwishoni kipya pekee. Jumla ya gramu za siku isiongezeke. Kosa la kawaida ni kuongeza kipya juu ya kipimo kizima cha zamani, na hapo mnyama hulemewa na wanga hata kama kila hatua ilikuwa ndogo. Wakati huo pia si wa kuanza mboga mpya au kumpa tunda, maana tatizo likitokea haitajulikana lililolileta.

Anayetoka kwenye muesli atachambua na kuacha peleti. Bakuli lisijazwe tena kwa sababu ameacha. Muesli ipunguzwe kidogo kidogo kila siku na nyasi ziwe tele. Hata hivyo mnyama asinyimwe chakula ili alazimike kula kipya. Sungura asiyekula chochote kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, na aliyenenepa huanza kujaza mafuta kwenye ini akikaa na njaa.

Chakula cha zamani kikiisha kabla ya kununua kipya, mfugaji hushawishika kumwaga kipya bakulini siku hiyohiyo. Si lazima. Sungura mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa kwa nyasi nzuri na maji peke yake, kisha peleti mpya zikaanzishwa kwa vijiko vichache. Mnyama aliyenunuliwa au kupewa na mtu mwingine ni hivyohivyo: aombewe kiasi cha chakula alichozoea, asibadilishiwe kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu safari na makazi mapya peke yake humsumbua tumbo.

Mavi ndiyo kipimo cha kila asubuhi. Yakiwa makavu, ya mviringo na karibu na ukubwa wa mbaazi, mambo yanakwenda vizuri. Yakipungua, yakawa madogo au yenye umbo la tone, utumbo unapunguza mwendo. Kinyesi laini kikibaki kizimbani au kushikamana na manyoya ya nyuma, mara nyingi chakula kina nguvu kupita kiasi. Manyoya hayo yasafishwe upesi, kwani nzi hutaga humo na mafunza hula ngozi. Katika hali hizi mfugaji hurudi hatua moja nyuma na kukaa hapo siku kadhaa. Kuhara majimaji, tumbo kuvimba au kusaga meno kwa maumivu si mambo ya kurekebishwa kwa bakuli. Ni ya daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dawa za antibiotiki zilizobaki nyumbani zisitumike: ampisilini na linkomaisini zikinywewa huua bakteria wazuri wa sekamu na zinaweza kumuua sungura mwenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki

Peleti nyingi zinazouzwa Kenya na Tanzania hulenga ufugaji wa nyama, kwa hiyo protini yake iko juu. Zinafaa kwa sungura wa nyumbani zikipunguzwa kipimo na nyasi zikiongezwa. Nyasi za timothi, zinazotajwa katika karibu kila kitabu cha Ulaya na Marekani, ni za nchi za baridi. Hapa nafasi yake huchukuliwa vizuri na nyasi kavu za Rhodes, zikiwemo zile zijulikanazo Kenya kama boma Rhodes. Majani ya viazi vitamu na mchicha hufaa kwa kiasi kidogo pamoja nazo. Nyasi zilizokatwa zikarundikwa mpaka zikapata joto zitupwe.

Kwenye hali ya unyevu kama ya pwani, peleti hushika ukungu upesi, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kuanika juani. Mfuko unaomalizika ndani ya miezi miwili ni wa maana kuliko gunia la bei nafuu linalokaa nusu mwaka. Zihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, juu ya sakafu, na vumbi la chini lichekechwe, kwa kuwa humkera sungura puani na mara nyingi hulikataa.

Viwanda hubadilisha viungo kufuatana na bei ya mahindi, pumba na mashudu, huku jina la mfuko likibaki lilelile. Rangi au harufu ya gunia jipya ikiwa tofauti na ya lililopita, wafugaji waangalifu hubakiza kilo moja ya zamani na kulianza gunia hilo kama chakula kipya.