Aliyefukuzwa kazi kwa sehemu ya sekunde

Kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, London, kilitimiza miaka 350 mwaka 2025. Katika historia yake ndefu, mtu ninayemkumbuka mimi si mkubwa yeyote bali msaidizi, David Kinnebrook, aliyeachishwa kazi mwanzoni mwa 1796.

Kazi yake ilikuwa ya jicho na sikio. Nyota inapokatiza nyuzi tano zilizotandazwa ndani ya darubini, msaidizi huhesabu mapigo ya saa kimoyomoyo, kisha hukadiria hadi sehemu ya kumi ya sekunde nyota ilivuka kila uzi saa ngapi. Agosti 1795 mkuu wake, Nevil Maskelyne, aliona kijana anachelewa kwa nusu sekunde. Akamwonya. Kijana akajitahidi, lakini kufikia Januari pengo lilikuwa limepanuka hadi sekunde 0.8.

Usicheke. Dunia haimsubiri mtu: ndani ya sekunde 0.8 mkazi wa Nanyuki, pale kwenye ikweta, huwa amezungushwa takriban mita 370. Maskelyne akamtoa, na akaandika kwamba kijana alikuwa amejizulia mtindo wake wa ovyo. Kinnebrook alifariki 1802, hajasafishwa jina.

Edwin Boring wa Harvard, ambaye kitabu chake cha 1929 kiliwazoesha wanasaikolojia kisa hiki, anatupeleka moja kwa moja kwa mwanaastronomia Friedrich Bessel wa Königsberg. Katika miaka ya 1820 Bessel alijilinganisha na wenzake na kukuta hata mabingwa hawapatani. Na mmoja wao alitofautiana kwa zaidi ya sekunde nzima. Maskelyne alikuwa amejifanya yeye ndiye kipimo. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uonevu.

Waliofuata, wanasaikolojia waliopima kasi ya mtu kuitikia, walijifunza kukagua kipimo chenyewe kwanza. Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, akitumia saa ya Matthäus Hipp iliyosoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Mishale yake ilishikwa na kuachiwa na sumaku ya umeme, na umeme ukizidi au ukipungua, sumaku huwahi au huchelewa. Basi waliweka nyundo maalumu: inaanguka, muda wa anguko unajulikana, wanalinganisha na saa, wanarekebisha umeme, ndipo mtu anakaa kupimwa.

Kisha ikaja kompyuta, na nyundo ikasahaulika. Saa ya ndani ya kompyuta ya IBM ya 1981 ilipiga mara 18.2 tu kwa sekunde, yaani kila milisekunde 55, ilhali mtu hubonyeza kitufe kama milisekunde 200 baada ya kuona mwanga. Skrini nyingi huchora picha upya kila milisekunde 16.7 hivi, na kibodi ina uchelewaji wake. Mwaka 2018 vivinjari vya intaneti vilififisha saa zao kwa makusudi, kwa sababu za usalama.

Hata hivyo watafiti wengi husakinisha programu na kuamini kila tarakimu inayotoka, na huo ni uzembe. Mwanafunzi unayekusanya data kwa kompyuta ya mkononi, bandika kihisi cha mwanga kwenye skrini, linganisha muda halisi na ule ulioandikwa na programu, na tofauti hiyo uiweke kwenye ripoti kabla ya kumwita mshiriki wa kwanza.