Singo "nzuri kupita kiasi": kisa cha RC Succession

Tumezoea kusikia kitabu kimepigwa marufuku kwa sababu ni kichafu, au cha uchochezi. Lakini ushawahi kusikia kazi ya sanaa ikizuiwa kwa sababu ni nzuri mno? Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Tarehe 22 Juni 1988, kampuni ya kurekodi muziki ya Toshiba EMI ilitoa tangazo kwenye magazeti ya Japani: singo na albamu mpya ya bendi ya RC Succession hazitatoka, kwa kuwa ni nzuri kupita kiasi. Basi, yakaishia hapo.

Turudi nyuma kidogo. RC Succession walianza mwaka 1968 wakiwa kikundi cha magitaa makavu, baadaye wakageuka bendi kubwa ya roki. Mwimbaji wao, Kiyoshiro Imawano, alikuwa mtu wa mbwembwe haswa: nywele wima, uso umepakwa rangi, sauti ya kukwaruza isiyofanana na ya mtu mwingine. Mwaka 1988 wakarekodi albamu ya nyimbo za watu wa nje, wakaiita Covers. Kwa ajili ya singo zikachaguliwa mbili: Love Me Tender ya Elvis Presley (1956) na Summertime Blues ya Eddie Cochran (1958).

Sasa, Imawano hakuzitafsiri hizo. Alibakiza mahadhi, akatunga maneno yake kwa Kijapani. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kinu cha Chernobyl kilipuke, Aprili 1986. Wimbo wa kubembeleza mpenzi ukawa wa kukataa mionzi na uongo wa wakubwa. Manung'uniko ya kijana wa Kimarekani kuhusu likizo yake yakawa onyo: matetemeko yanakuja, na vinu vya nyuklia bado vinajengwa.

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Toshiba EMI ilikuwa ubia wa EMI ya Uingereza na Toshiba, na Toshiba hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza vinu vya nyuklia. Mtoto angeuzaje wimbo unaomsuta baba yake?

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya siasa tu. Mimi kinanivutia kama msomaji. Sisi tumefundishwa kwamba mshairi ndiye anayejificha nyuma ya fumbo ili mwenye nguvu asimdhuru. Hapa mambo yamepinduka: mwimbaji kasema waziwazi, hata mtoto anaelewa, halafu kampuni kubwa ndiyo inayokimbilia fumbo. Na fumbo lenyewe mwerevu hulifumbua bila jasho. Aliyesoma lile tangazo alijua kuna jambo.

Tena kumbukeni, hata Presley mwenyewe aliazima. Mahadhi ya Love Me Tender ni ya Aura Lee, wimbo wa mwaka 1861, enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Kwa hiyo mahadhi hayakuwa na kosa. Yameshapita midomo mingi. Kilichoogopwa ni maneno.

Covers haikufa. Kampuni nyingine, Kitty Records, iliitoa tarehe 15 Agosti mwaka huo huo, nyimbo zile mbili zikiwemo, ikapanda hadi namba 1 kwenye chati ya Oricon. Hakuna albamu nyingine ya RC Succession iliyowahi kufika hapo. Tangazo la kuizuia, nadhani, liliwafanyia promosheni ya bure.

Imawano alifariki tarehe 2 Mei 2009. Chini ya miaka miwili baadaye, 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vikaipiga Fukushima. Vinu vitatu viliyeyuka, na namba 3 kilikuwa cha Toshiba. Wajapani wakazirudia zile nyimbo mbili kuzisikiliza upya. Safari hii hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zinasema nini.