Usharika Bila Mchungaji: Lugha ya Uongozi wa Kanisa katika Nyanda za Juu Kusini, 1916 hadi 1945



Wengi watauliza: mwanaisimu ana haja gani na historia ya kanisa? Jibu langu ni kwamba taasisi huacha kumbukumbu zake katika majalada, lakini huziacha pia katika maneno. Majalada ya misheni za Kijerumani katika Nyanda za Juu Kusini yameandikwa, kwa sehemu kubwa, na wamisionari wenyewe. Pale walipoondolewa, kalamu zao ziliondoka nao, na kwa hiyo kipindi tunachotaka kukijua zaidi ndicho kilichoandikwa kidogo zaidi. Hapo ndipo istilahi za kanisa, zikichunguzwa kwa makini, zinapoweza kutusaidia.

1. Mipaka ya mada

Ninaposema Nyanda za Juu Kusini nakusudia mikoa ya Mbeya na Iringa kwa mipaka yake ya zamani, yaani kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Katika eneo hili misheni mbili za Kiprotestanti ziliingia mwaka mmoja, 1891. Wamoravian walifungua kituo chao cha kwanza Rungwe. Misheni ya Berlin, ambayo ilikuwa ya Kilutheri, iliingia kutoka Ziwa Nyasa ikiongozwa na Alexander Merensky, ikajenga vituo upande wa mashariki wa Unyakyusa, kisha ikapanda hadi Ukinga, Ubena na Uhehe. Majina ya Rutengano, Utengule na Mbozi kwa upande mmoja, na Mwakaleli, Kidugala, Lupembe na Ilembula kwa upande wa pili, bado ni majina yanayojulikana katika historia ya elimu na tiba ya eneo hilo.

Historia ya misheni hizo hadi mwaka 1941 imeandikwa na Marcia Wright katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971, na sina nia ya kuirudia. Swali langu ni dogo zaidi: usharika hufanya nini, na huwa nini, katika kipindi ambacho mchungaji mmoja ameondoka na mwingine hajafika?

2. Mwaka 1916

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tukuyu, uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg, ulitekwa mwezi huo huo, na Iringa ukatekwa mwezi Agosti. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kupelekwa kizuizini, na baada ya vita hawakuruhusiwa kurudi kwa miaka kadhaa. Vituo havikuachwa katika utulivu. Katika miezi ya mwisho ya 1916 majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma kutoka Tabora yalipita Ubena na Uhehe. Lupembe ilishambuliwa, na Novemba kikosi kimoja kilijisalimisha Ilembula, penye kituo cha misheni. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita tena Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini. Kila jeshi lililopita lilihitaji wapagazi na chakula, na vyote viwili vilichukuliwa vijijini.

Katika hali hiyo sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee. Ni lazima tueleze jambo moja waziwazi: hadi wakati huo, baada ya miaka 25 ya kazi, misheni hizi mbili hazikuwa zimembariki Mwafrika hata mmoja katika Nyanda za Juu Kusini kuwa mchungaji. Walikuwapo wasomi wa kusoma na kuandika, walimu wa shule za vijijini, watu waliosaidia kutafsiri Maandiko. Hakuwapo mwenye mamlaka kamili ya kanisa. Hivyo kilichotokea mwaka 1916 hakikuwa tu pengo kati ya mchungaji na mchungaji. Ni kundi zima lililoachiwa kazi yote bila kuachiwa hati.

Wakatoliki wa Iringa walipatwa na jambo linalofanana. Wabenediktini wa Kijerumani waliokuwa Tosamaganga waliondolewa, na mahali pao pakachukuliwa na Wakonsolata kutoka Italia, walioanza kufika mwaka 1919. Lakini huko pengo lilizibwa na padre kwa padre. Kwa Waprotestanti lilidumu zaidi.

3. Vitenzi vya usharika

Hebu sasa tutazame lugha. Kazi za usharika tunazozitaja kwa Kiswahili zinagawanyika kisarufi katika makundi mawili ambayo, kwa maoni yangu, yanaeleza hali ya mwaka 1916 kuliko maelezo marefu.

Kundi la kwanza ni la kauli ya kutenda: kusali, kuimba, kusoma, kufundisha, kutembelea wagonjwa, kuzika. Mtendaji wa vitenzi hivi anaweza kuwa Mkristo yeyote. Kundi la pili hutajwa aghalabu katika kauli ya kutendwa: kubatizwa, kubarikiwa, kuwekewa mikono, kufungishwa ndoa, kurudishwa kundini. Katika kundi hili mtu hawezi kujitendea. Hakuna ajibatizaye, wala ajibarikiye kuwa mchungaji. Nyuma ya kila kitenzi cha kundi la pili yumo mtendaji asiyetajwa, na mtendaji huyo lazima awe amekwisha kutendewa na mwingine kabla yake.

Mchungaji anapoondoka, kundi la kwanza la vitenzi linabaki lote. Kundi la pili linasimama, isipokuwa ubatizo wa dharura, ambao desturi ya Kilutheri humruhusu Mkristo wa kawaida kuutoa mtu anapokaribia kufa. Kwa hiyo maswali yaliyowakabili wazee hayakuwa ya kinadharia. Mwanafunzi wa ubatizo aliyemaliza mafundisho yake angoje mpaka lini? Aliyetengwa kabla ya vita kwa kosa lililokwisha kusahauliwa, nani wa kumrudisha kundini? Vijana wanaotaka kuoana kikanisa waende wapi? Na Meza ya Bwana, ambayo kwa taratibu za misheni zote mbili haikuweza kuandaliwa na mwalimu asiyebarikiwa, ikae bila kuandaliwa kwa miaka mingapi?

Hapa ndipo uzito wa mambo ulipo. Walimu wale waliaminiwa kuulinda usharika wakati wa vita na njaa, lakini hawakuaminiwa kuumega mkate.

4. Walioishika kazi

Kundi la kwanza la vitenzi lisidharauliwe. Ndilo lililouweka usharika hai. Ibada za Jumapili, mafundisho na maziko yalihitaji mtu anayejua maneno, na maneno yalikuwa katika lugha za watu wenyewe. Misheni zote mbili, kwa sababu zao, zilizipendelea lugha za wenyeji kuliko Kiswahili, ambacho baadhi ya wamisionari walikiogopa kama lugha ya pwani na ya Uislamu. Sehemu za Maandiko zilikuwa zimekwisha kuchapishwa katika lugha hizo kabla ya vita. Mnyakyusa aliyemwomba Kyala, na Mbena au Mhehe aliyemwomba Nguluvi, hakuwa na haja ya mkalimani. Mwandishi wa kisasa anaweza kuilaumu sera ile kwa kuwatenga wenyeji na lugha ya taifa la baadaye, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, mwaka 1916 sera hiyo hiyo ndiyo iliyofanya kuondoka kwa mgeni kusiwe kuondoka kwa ibada.

Lugha ilisaidia kwa njia nyingine pia. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1920 uangalizi wa sharika hizi ulipewa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, iliyokuwa Nyasaland. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika eneo la Karonga, Wangonde husema lugha ambayo ni moja na Kinyakyusa, ikitofautiana kilahaja tu. Mmisionari D. R. Mackenzie, aliyechapisha kitabu juu ya Wakonde mwaka 1925, aliifahamu lugha hiyo tangu akiwa upande wa pili. Mpaka wa dola ulikatisha sharika, lakini haukukatisha lugha. Aidha, Waskoti walikuwa Wapresbiteri, na katika kanisa lao wazee huketi pamoja na mchungaji katika baraza lenye mamlaka. Kwa watu waliokwisha kuongoza bila mchungaji kwa miaka kadhaa, utaratibu wa namna hiyo haukuwa mgeni.

Inafaa tukumbuke kwamba Wamoravian wenyewe walizaliwa na historia ya aina hii. Kanisa lao, lililoanza Bohemia mwaka 1457, lilipigwa marufuku baada ya vita vya mwaka 1620, na wachungaji wake wakafukuzwa. Kwa karibu miaka 100 imani ilihifadhiwa na familia majumbani, hadi wakimbizi walipojenga Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Kanisa lililoishi karne nzima kwa nguvu ya walei lilipofika Rungwe lilisita kwa zaidi ya miaka 40 kuwabariki walei wa Rungwe.

5. Waliochoka kungoja

Wajerumani walirejea katikati ya miaka ya 1920. Walizikuta sharika zipo, na walizikuta zimebadilika. Mzee aliyekwisha kuamua mashauri ya kundi hakuwa tena msaidizi wa kutumwa tu. Wakati huo huo, makanisa yaliyoongozwa na Waafrika yalikuwa yakiingia Rungwe kutoka Nyasaland, miongoni mwao African National Church na Last Church of God. Yalileta kitu ambacho misheni haikuwa imekitoa, yaani mchungaji Mwafrika, na baadhi yake yaliwapokea pia wenye wake wengi. Kuenea kwake kuna sababu nyingi, lakini sababu moja ni rahisi: mtu aliyekwisha kuifanya kazi anaponyimwa jina la kazi hiyo, hulitafuta kwingine.

Katika miaka ya 1930 Walutheri na Wamoravian walianza kubariki wachungaji Waafrika wa eneo hili. Umuhimu wa hatua hiyo ulionekana mapema kuliko yeyote alivyotazamia. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini tena. Fedha zilipungua, na msaada wa Walutheri wa Sweden na wa Marekani ulihitajika. Lakini tofauti na 1916 ni kubwa. Safari hii walikuwapo watu waliokwisha kuwekewa mikono, na vitenzi vya kundi la pili havikusimama.

6. Maneno yaliyobaki

Nimalizie kwa maneno mawili. La kwanza ni jina la jumuiya yenyewe. Walutheri husema "usharika", Wamoravian husema "ushirika", na yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushiriki jambo na mwingine. Mzizi huo huo umetupa "shirika" na pia "ushirikina", kwa kuwa katika Uislamu kumshirikisha Mungu na kingine ni kosa kubwa kuliko yote. Neno moja limechukuliwa na dini mbili likaenda pande mbili. Kwa Wakristo wa Nyanda za Juu maana iliyobaki ni ile ya kugawana. Usharika haufafanuliwi kwa mchungaji wake. Kwa jina lake, ni watu wanaoshiriki.

La pili ni "mchungaji". Makanisa mengine yana "padre", lililotoka kwa Wareno, na "kasisi", lililotoka kwa Waarabu. "Mchungaji" limeundwa kwa kitenzi cha Kibantu ambacho kila mtoto wa Nyanda za Juu anakijua kwa vitendo. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ameeleza jinsi wavulana walivyochunga ng'ombe wa baba zao kwa pamoja. Mchungaji wa namna hiyo si mwenye kundi. Hupokea zamu, na zamu hupita kwa mwingine.

7. Hitimisho

Hali niliyoieleza haikuisha mwaka 1945. Hadi leo mchungaji mmoja vijijini huhudumia usharika wenye mitaa kadhaa, na Jumapili nyingi ibada ya mtaa huongozwa na mwinjilisti au mzee wa kanisa. Mchungaji anapostaafu, kufariki au kuhamishwa, wao ndio huendeleza kazi mpaka mwingine aingizwe kazini. Katika kumbukumbu za maandishi vipindi hivyo mara nyingi huonekana kama ukurasa mtupu, kwa sababu orodha zetu za historia ya kanisa ni orodha za wachungaji.

Rai yangu kwa wanafunzi wa historia na wa isimu ni kwamba ukurasa huo usisomwe kama mtupu. Daftari za wazee, sala walizozitunga, istilahi walizozitumia kuamua mashauri, na masimulizi ya wajukuu wao ni data. Zikusanywe katika Kinyakyusa, Kikinga, Kibena, Kihehe na Kinyiha, kabla wasemaji wanaozikumbuka hawajaondoka. Walioushika usharika mwaka 1916 hawakupewa hati na waliowatangulia. Sisi tulio na kalamu tunaweza angalau kuandika kwamba kazi waliifanya.