Upigaji picha za sayari kwa darubini ndogo

Upigaji picha za sayari kwa darubini ndogo ni tawi la astronomia ya ridhaa linalotumia kamera ya kawaida ya dijiti na darubini ya nyumbani. Katika njia iliyo rahisi, lenzi ya kamera husogezwa karibu na lenzi ya jicho ya darubini na picha hupigwa kupitia hapo. Kwa kuwa mtikisiko wa angahewa huvuruga taswira, hurekodiwa video fupi. Programu ya kompyuta huchagua fremu zilizo wazi zaidi na kuzipandanisha kuwa picha moja. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofikia saa 10, hivyo rekodi yake huwa ya dakika chache. Mbinu hii huonyesha mikanda ya Mshtarii, pete za Zohali na awamu za Zuhura.