Mlango wa Chuo cha Curtis

Tarehe 7 Aprili 1951, msichana mwenye umri wa miaka 18 aliingia katika Chuo cha Muziki cha Curtis, mjini Philadelphia nchini Marekani, akaketi mbele ya piano na kuwapigia walimu waliokuwa wakiwasaili waombaji wa nafasi. Jina lake lilikuwa Eunice Waymon. Jibu alilolipata baadaye lilikuwa fupi: hakukubaliwa. Dunia ilikuja kumjua kwa jina jingine, Nina Simone, na tangu hapo watu hawajaacha kuuliza ni nini hasa kilichomfungia mlango siku ile.

Eunice alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, jimbo la Carolina ya Kaskazini. Mama yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Methodisti, na mtoto huyu alianza kupiga nyimbo za ibada kabla miguu yake haijafika chini ya kiti. Bibi mmoja wa kizungu, ambaye mama yake alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani, ndiye aliyelipia masomo yake ya kwanza. Mwalimu alikuwa Mwingereza, Muriel Mazzanovich, na ndiye aliyemfunulia kazi za Johann Sebastian Bach. Katika muziki wa Bach, sauti mbili, tatu au nne hutembea pamoja, kila moja na njia yake, wala hapana moja inayomkanyaga mwenziwe. Aliyezoea vina na mizani atafahamu upesi kwa nini mtoto yule alitekwa: hapo sheria haikuwa pingu, bali ndiyo iliyoupa wimbo pumzi yake.

Watu wa Tryon, weusi kwa weupe, walichanga fedha katika mfuko uliopewa jina lake ili aendelee na masomo. Ni katika mji huohuo, alipokuwa na umri wa miaka kama 11, ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulisahau. Alikuwa apige piano mbele ya hadhara katika maktaba ya mji. Wazazi wake walikuwa wameketi safu ya mbele; wakaambiwa wahame, wazungu wapate kukaa. Mtoto akasimama na kusema kwamba hatapiga mpaka wazazi wake warudishwe mahali pao. Wakarudishwa. Lakini kuanzia siku hiyo alijua kwamba ukumbi wa muziki una sheria nyingine zisizoandikwa katika kitabu cha noti.

Mwaka 1950 alimaliza shule ya sekondari akiwa wa kwanza darasani, na kiangazi hicho akaenda New York kusoma katika Chuo cha Juilliard chini ya Carl Friedberg, kusudi ajiandae kwa usaili wa Curtis. Jamaa zake wakahamia Philadelphia ili wawe karibu naye. Hapakuwa na mpango wa pili. Fedha za mfuko zilikuwa zimekwisha, na Curtis, kilichoanzishwa mwaka 1924, kilikuwa tangu 1928 hakitozi karo mwanafunzi yeyote. Kwa mtoto wa maskini mlango ule ulikuwa mmoja tu. Kwa sababu hiyohiyo ulikuwa mwembamba, maana chuo kisichotoza karo huwavuta wengi na huweza kuwachukua wachache mno.

Usaili wa namna hii una ukatili wake. Mshairi aliyekosea barazani leo huweza kurudi kesho mbele ya baraza jingine. Mtahiniwa wa piano huingia peke yake, kwenye chombo asichokizoea, na kazi ya miaka kumi na zaidi hupimwa kwa dakika chache. Wanaomsikiliza hawalazimiki kumweleza walichokisikia.

Msomaji atauliza: je, alikataliwa kwa ajili ya rangi yake? Yeye mwenyewe, baada ya kusikia maneno ya jamaa na watu wengine, aliamini hivyo hadi mwisho wa maisha yake, na aliyaandika hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1991. Kwa upande wa pili, Vladimir Sokoloff, mwalimu wa Curtis aliyekuja kumfundisha faraghani baada ya usaili ule, alikana kwamba rangi ndiyo sababu. Na liko jambo ambalo mwanahistoria mwadilifu hawezi kulificha: Curtis kilikuwa kimekwisha kuwapokea wanafunzi weusi. George Walker alihitimu hapo mwaka 1945, katika piano na katika utunzi, na mwaka 1996 akawa mtunzi mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Pulitzer ya muziki.

Ushahidi huu una uzito, lakini haufungi kesi. Chuo kilichompokea mmoja huweza kumdhulumu mwingine. Wala kukataliwa kwa mmoja hakuthibitishi dhuluma. Tena Walker mwenyewe, pamoja na shahada yake, alikuta kwamba kumbi kubwa hazikuwa tayari kumpa mpiga piano mweusi maisha ya kazi. Yaani, hata ambaye mlango wa chuo ulimfungukia, nje yake alikuta milango mingine.

Pengine swali lenyewe limewekwa vibaya. Tuseme masikio ya wasaili yalikuwa safi siku ile. Masikio safi husikia kilichopigwa tu. Hayasikii njia aliyoipita mpigaji. Hayakusikia mfuko uliokauka, wala kiangazi kimoja cha Juilliard kilichopaswa kufanya kazi ambayo wengine waliifanya kwa miaka katika miji yenye walimu tele. Haki ya chumba cha usaili huanza mlangoni, na mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya hapo.

Historia ya muziki ina visa vingine vya milango iliyofungwa. Mwaka 1823 Franz Liszt, mtoto wa miaka 12 kutoka Hungaria, alikataliwa na chuo cha muziki cha Paris kwa kuwa alikuwa mgeni; na aliyemkatalia, mkurugenzi Luigi Cherubini, naye alikuwa Mwitaliano. Mwaka 1832 Giuseppe Verdi aliomba nafasi katika chuo cha Milano. Akaonekana amezidi umri, ametoka nje ya mipaka ya dola, na mikono yake imekaa vibaya juu ya piano. Leo chuo hicho kinaitwa kwa jina lake. Lakini sababu za kukataliwa kwa Verdi zimebaki katika maandishi, na kila mtu anaweza kuzipima. Eunice Waymon hakupata maelezo ya kumtuliza moyo. Alichopewa kilikuwa fumbo, na mtu aliyekwisha kuona wazazi wake wakihamishwa viti hulifumbua fumbo kwa ufunguo alio nao.

Alilazimika kutafuta riziki. Alifundisha piano na kuwafuatiza wanafunzi wa uimbaji. Kisha kiangazi cha mwaka 1954 akapata kazi katika baa moja ya Atlantic City. Mwenye baa akamwambia kwamba akitaka kazi, sharti aimbe. Hakuwa ameimba kwa ujira kabla ya hapo. Akajibandika jina la Nina Simone, mama yake mhubiri asijue binti yake anapiga muziki wa kidunia mahali pa ulevi. Wimbo ukazaliwa hivyo, kwa kulazimishwa na kwa siri. Katika santuri yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1959, wimbo wa mapenzi hupasuliwa katikati na piano inayokwenda kwa mtindo wa Bach: alichonyimwa nafasi ya kukisomea Curtis, alikipeleka mwenyewe kwa wanywaji.

Mwaka 1963, bomu lilipowaua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, alitunga wimbo wa hasira uliomweka katika safu ya mbele ya wapigania haki. Wako wasemao kwamba kukataliwa ndiko kulikomfanya, na kwa hiyo kulikuwa heri. Kauli hiyo ni nyepesi kuliko mzigo wake. Mwenyewe hakuacha kuombolezea maisha ya piano aliyoyakosa. Na faida waliyoipata wasikilizaji haiwi malipo ya hasara yake.

Mwezi wa Aprili 2003 Curtis kilimtunukia shahada ya heshima. Siku mbili baadaye, tarehe 21, alifariki nyumbani kwake Carry-le-Rouet, kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 70. Mlango ulifunguka baada ya miaka 52, na aliyekuwa akiungoja hakuwa tena na nguvu ya kuuvuka.