Safiri wewe, kompyuta ibaki

Kila aliyewahi kuacha programu ikitafuna hesabu usiku kucha, akaamka asubuhi akaikuta bado iko asilimia 4, ameshatamani njia ya mkato. Fizikia inayo moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni ya bure.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba saa inayosafiri huenda polepole ikilinganishwa na iliyobaki. Mwaka 1911 Mfaransa Paul Langevin akaigeuza hesabu hiyo kuwa kisa: msafiri anarushwa kwa kasi inayokaribia sana ile ya mwanga, anakaa njiani miaka 2 kwa saa yake, akirudi anakuta Dunia imezeeka miaka 200. Langevin hakuwa anawaza kompyuta, lakini leo wazo linajileta lenyewe. Iache mashine nyumbani ipige hesabu miaka 200, wewe panda chombo, kisha rudi uchukue jibu. Hapo wengi huchanganya: anayesafiri ni mtu. Ukiipakia kompyuta badala yako, umeichelewesha tu.

Na muda kweli hufanya vituko hivi. Oktoba 1971, Wamarekani Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa 4 za atomi duniani kwa ndege za kawaida za abiria. Zikielekea mashariki, zilichelewa nanosekunde 59 hivi nyuma ya saa za Washington. Zikielekea magharibi, zilitangulia nanosekunde 273, kwa sababu huko juu uvutano ni hafifu kidogo na safari ilikwenda kinyume na mzunguko wa Dunia. Kompyuta ya gigahezi 3 ndani ya ndege hiyo ya magharibi ingepata mapigo kama 800 ya ziada. Yaani uzunguke dunia nzima kwa mapigo 800! Setilaiti za GPS zina nafuu: hutangulia mikrosekunde 38 kwa siku, na wahandisi hulazimika kurekebisha tofauti hiyo.

Basi tuongeze kasi, si ndiyo? Hebu tupige hesabu ya msafiri wa Langevin. Kuifikisha kilo 1 kwenye kasi yake kunahitaji nishati karibu sawa na umeme wote unaozalishwa duniani kwa mwezi mmoja. Mtu wa kilo 60 anahitaji miaka mitano ya umeme huo, na bado hujafunga breki, hujageuza, wala hujahesabu uzito wa chombo. Mwaka 2005 Scott Aaronson aliliweka jambo hili wazi: kwa yale maswali ambayo hatua zake huongezeka maradufu kila swali linapokua kidogo, nishati nayo huongezeka maradufu. Muda uliouokoa safarini utaulipa ukijaza mafuta kabla ya kuondoka.

Wengine walishatafuta mlango mwingine. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna mashine inayoweza kutuambia, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Lakini je, kama mashine ingepewa milele yenyewe? Itamar Pitowsky na Mark Hogarth waliliuliza swali hilo kwa uzito mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2002 Gábor Etesi na István Németi wakalichorea ramani: kompyuta inabaki nje ya shimo jeusi linalozunguka, wewe unatumbukia ndani. Kwa hesabu zao, kabla hujavuka mpaka wa ndani, milele yote ya huko nje imeshapita mbele yako. Programu ikikoma, unapata ishara. Isipokoma, kimya chenyewe ndicho jibu.

Tatizo ni kwamba Roger Penrose alikuwa ameshaonya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: mwanga wote unaokufuata mle ndani hubanwa muda mmoja na nishati yake hupanda bila kikomo pale pale mpakani. Ishara yako ingefika pamoja na moto huo. Na hata ukinusurika ukalijua jibu, huwezi kutoka kumwambia mtu.